Daktari Hakushangaa

Kama juzi ulikuwa unaoga na mkono wako ukakutana na kitu ambacho mwezi uliopita hakikuwepo, nakuandikia wewe. Sitakueleza saratani ni nini. Wapo waliosomea, na nakuomba uwaendee hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Ninachotaka kukueleza ni yaliyonipata mimi kanisani na kwenye mabenchi ya hospitali, hasa jambo moja nililolifanya, ambalo mwenzangu mmoja alililipia kwa mwili wake.

Naitwa Mama Elia. Ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea hapa Maisaka, na nusu ya sare za akina mama utakazoziona Jumapili mjini Babati zimepita mikononi mwangu. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa pia kiongozi wa maombi wa akina mama katika usharika wetu. Nilikuwa naomba kwa sauti, kwa muda mrefu, na vizuri. Nasema vizuri bila haya, maana nilijua ninavyosikika. Mgonjwa akizidiwa watu walikuja kuniita, nami niliacha gauni la mteja limekaa chini ya sindano nikaenda. Nikimaliza kuomba nilikuwa nafungua jicho moja kuona nani analia.

Uvimbe niliugusa wakati wa palizi ya kwanza. Kitu kidogo, kigumu, kama punje ya mbaazi, kwenye titi la kushoto karibu na kwapa. Nikajiambia ni tezi. Nikajiambia ni uchovu wa jembe. Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele ulikuwa umefikia ukubwa wa ndimu, ngozi ya juu imeanza kuvutika ndani, na bado nilikuwa nakwenda kuwaombea watu wengine wenye uvimbe. Ukitaka kucheka cheka. Mimi mwenyewe kuna siku hucheka, halafu nanyamaza.

Aliyegundua ni mume wangu, Baba Elia. Ni mkulima, shamba letu liko Nangara, na maneno yake ni ya kuhesabu. Siku moja aliona nimebadilisha mkono wa kubebea ndoo.

"Mkono una nini?"

"Hauna kitu."

Akaweka jembe chini. "Mama Elia, tumeishi miaka ishirini na sita. Mkono una nini?"

Nikamwonyesha pale pale nyuma ya zizi, nikiona aibu kama msichana. Aliingia ndani akabadilisha shati, na jioni ile ile tukawa tumeshapata tarehe ya kwenda kupimwa.

Hospitali ya hapa mjini waliniandikia rufaa. Hospitali kubwa iko mbali, safari ya saa tano kwa basi ukiwa mzima, na saa tano hizo hizo ni ndefu zaidi ukirudi na dawa mwilini. Walikata kinyama kidogo cha uvimbe wakapime, wakatuambia tusubiri majibu, tukasubiri wiki tatu. Sitasahau chumba kile cha kusubiria. Kina mabenchi ya chuma yenye matundu, na ukikaa tangu asubuhi mpaka saa tisa matundu yanajichora mapajani. Wanawake pale hatuulizani majina. Mtu anakuuliza, "Wewe uko ya ngapi?" akimaanisha dripu ya ngapi ya dawa ya saratani. Ukisema ya kwanza wanakutazama kwa huruma, na ukisema ya sita wanakuonea wivu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, sawa na mwanangu. Alinieleza taratibu kwamba nitapewa dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu, uvimbe unywee. Kisha titi litatolewa, kisha mionzi. Nikamwuliza kama nikiomba kwa bidii titi litabaki. Akafunga faili. "Omba, mama," akasema. "Na tarehe usikose."

Dripu ya kwanza niliipata baridi ya Juni ilipoanza, ule wakati ukungu unakaa juu ya mlima Kwaraa mpaka saa nne. Nilitapika siku mbili. Mdomo ulijaa vidonda, nikawa nakunywa uji uliopoa tu. Baada ya ya pili nywele zilibaki kwenye mto, nikafunga kilemba. Kucha zikawa nyeusi, na ncha za vidole zikaingia ganzi. Kwa fundi hilo ni balaa. Nilikuwa najichoma sindano nisijue, mpaka nione damu kwenye kitambaa cha mtu. Baba Elia, ambaye hajawahi kuwasha jiko tangu anioe, alijifunza kupika uji, ukiwa na mabonge, na nilikuwa naunywa hivyo hivyo. Mama Salma wa duka la nyuzi jirani yangu, Mwislamu, alikuwa ananiletea ndimu zilizokatwa kwenye kisosi. Hakuniuliza naumwa nini hata siku moja, na alikuwa anajua.

Kanisani hawakujua. Niliwaambia nakwenda kwenye vipimo. Neno dripu sikulitamka. Kwa miaka kumi na moja niliwaambia watu waamini tu, sasa ningesemaje kuwa mimi mwenyewe kila baada ya wiki tatu nakaa kwenye kiti nachomwa sindano ya mshipa? Nilikuwa na kiburi, na sina jina lingine la kukiita. Akina mama wa maombi wakafunga siku tatu kwa ajili yangu, katikati ya kazi ya kuvuna, na siku ya tatu wakaniwekea mikono wakalia. Nami nililia, na machozi yale yalikuwa ya kweli.

Baada ya dripu ya tatu daktari alinibonyeza titi kwa muda, akaandika, akasema, "Dawa inafanya kazi." Hayo ndiyo maneno yake yote.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Kwetu mwenye shukrani haendi mbele peke yake. Ndugu na marafiki wanamfuata kwa wimbo na vigelegele, kila mmoja na alichobeba, debe la mahindi, kuku, mkungu wa ndizi. Nilikwenda mbele na watu wengi nyuma yangu na Baba Elia pembeni, amebeba jogoo. Nilipanga kusema uvimbe umepungua, tuendelee kuomba. Kisha nikapewa kipaza sauti, nikaona nyuso za wale waliofunga kwa ajili yangu, midomo imekauka kwa vumbi la mavuno, nikaona neno "umepungua" haliwatoshi. Nikasema, "Uvimbe umenywea, wapendwa. Daktari ameshangaa. Amesema hajawahi kuona kitu kama hiki." Kanisa zima lilisimama. Tuliimba mpaka jogoo akamponyoka Baba Elia, akakimbilia kwenye kwaya.

Tulipofika nyumbani Baba Elia alikaa kwenye kigoda akavua viatu. "Daktari gani aliyeshangaa?" akauliza.

Nikamwambia ile ni namna ya kusema tu. Akasema, "Sawa." Tangu siku hiyo, nikiombea chakula, aliacha kuitikia amina.

Sasa nimlete Mama Rehema. Alikuwa wa kijiji cha Mutuka, wakilima mahindi na maharage yeye na mumewe. Mvua ikinyesha alikuja kanisani pekupeku, viatu mkononi, anavivaa mlangoni. Hakuwa msemaji. Alikuwa mmoja wa waliofunga siku tatu, na siku ya mavuno alinifuata mbele na debe lake kichwani.

Septemba alikuja kwangu kupimwa sare ya sikukuu ya akina mama. Nilizungusha futi kifuani kwake akashtuka, akauma mdomo. Nikalegeza futi, nikapitisha tena polepole. Ganzi ya vidole haikunizuia kujua ninachokigusa. Kilikuwa kikubwa kuliko changu kilivyowahi kuwa.

"Mama Rehema, hii ina muda gani?"

"Tangu Pasaka." Akatabasamu, kana kwamba mimi ndiye ninayehitaji kutulizwa. "Usiogope, Mama Elia. Walishanipa barua ya kwenda huko hospitali kubwa, nimeiweka ndani ya Biblia. Niliposikia ushuhuda wako nikasema basi, Mungu ni yule yule. Nasubiri zamu yangu."

Nilikuwa na pini nne mdomoni, kama tunavyofanya mafundi. Kwa hiyo kwa muda wa pini nne nilikuwa na sababu ya kutosema. Nilizitoa moja moja nikazichomeka kwenye kitambaa, na ya nne ilipotoka mdomo wangu ulikuwa wazi. Nikasema, "Gauni litakuwa tayari Alhamisi."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Ya kanisani naweza kusema nilizidiwa na furaha ya watu. Ya chumbani kwangu hakuna aliyenishangilia. Tulikuwa wawili, mchana kweupe, na mimi nikachagua jina langu. Na kuna kitu kingine ambacho nimekificha hata kwa mume wangu mpaka ninapoandika haya. Nilipokuwa nakata lile gauni, niliacha nafasi ya ziada upande wa kushoto wa kifua, kwa sababu nilijua uvimbe utaendelea kukua.

Dripu tatu zilizobaki baada ya ushuhuda ule nilizimaliza kwa siri. Titi lilitolewa mwishoni mwa Oktoba, na usharika ukaambiwa nimekwenda Singida kumwona dada yangu. Kidonda kilikuwa na mpira unaotoa maji kwenda kwenye chupa, na Baba Elia ndiye aliyekuwa akiimwaga chupa ile, asubuhi na jioni, bila kuniangalia usoni. Nilijishonea titi la pamba, nikatia mchele kidogo ndani lipate uzito. Ni kazi nzuri, hata sasa nikiiangalia naisifu. Nikalivaa kanisani na watu wakasema nimenawiri.

Lakini kuomba kulinishinda. Nilikuwa nafungua mdomo nasikia ile sauti yangu ya Jumapili, nafunga. Kwenye kikundi niliendelea kuongoza, maneno yalikuja yenyewe kama mshono wa cherehani iliyozoea, na nilikuwa nikiyasikia kwa mbali kama ya mtu mwingine. Mama Rehema alikuwa anakaa kiti cha nyuma. Kisha akaanza kukosa. Wakasema ana kazi za shamba. Niliogopa kuuliza, kwa hiyo sikuuliza, na kila Jumapili niliyomkosa nilishukuru kuwa sitakutana na macho yake.

Januari, watu wakiwa wanapanda, niliitwa kwa mionzi, kila siku ya kazi kwa wiki tano. Nilipanga chumba karibu na hospitali. Siku ya nne nilikuwa kwenye benchi lile la matundu, kichwa wazi, nywele zimeanza kuota kama za mtoto, faili mkononi. Nikamwona Baba Rehema anasukuma kiti cha magurudumu. Aliyekuwa ndani ya kiti sikumtambua mara moja. Nilichotambua ni gauni. Alikuwa amevaa sare niliyoishona mimi, na ile nafasi niliyoiacha ilikuwa imejaa.

Walimsogeza karibu yangu. Alikuwa amejipaka poda nyingi, na chini ya poda harufu ya kidonda ilikuwepo.

"Mama Elia," akasema. Uso wake ulifurahi. "Umekuja kumwona nani?"

"Nimekuja kwenye matibabu."

"Ya nani?"

"Ya kwangu."

Akaangalia faili langu, akaangalia kichwa changu. Nadhani hakutaka kuelewa. Akanyoosha mkono. "Mungu amekuleta. Niombee, nina hofu."

"Siwezi," nikasema. Nikamwambia yote, kwa sauti ya chini, wanawake wengine wakisikia. Kwamba nilikuwa nawekewa dripu wakati ule nikishuhudia. Kwamba daktari hakushangaa, alisema dawa inafanya kazi. Kwamba titi analoliona ni pamba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Siku ile unanipima," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akageuza uso. "Baba Rehema," akasema, "nisogeze kule." Mumewe akakisukuma kiti mpaka benchi la upande wa pili, wakakaa huko, nasi tukasubiri kuitwa, tukitazamana na ukuta.

Walimlaza. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa, na walichoweza kumpa ni dawa za kupunguza maumivu. Baada ya siku mbili Baba Rehema ilibidi arudi Mutuka, mvua zilikuwa zimeanza, mbegu ziko ndani na watoto wadogo wako na dada yao peke yao. Wodini kule mgonjwa asiye na ndugu wa kumwangalia ana shida. Kwa hiyo nikimaliza mionzi yangu nilikuwa nakwenda kwake. Hakunialika. Nilimlisha uji, nikamgeuza, nikabadilisha vitambaa vya kidonda. Alikubali kwa sababu hakuwa na mtu mwingine. Siku tisa hakuniambia neno, hata ahsante, hata toka hapa. Akitaka maji alikuwa anaangalia kikombe.

Ngozi yangu ya kifua ilikuwa imeungua kwa mionzi, nyeusi, inauma nguo ikigusa, na titi la pamba nililiacha chumbani. Nilikuwa natembea upande mmoja bapa na sikujali tena. Vitambaa vyake nilivifua kwenye karo la nyuma ya wodi. Siku moja, nadhani ya sita, maji yalikuwa yanatoka mekundu nikasema kimoyomoyo, Bwana, ni mimi, nimemfanyia mwenzangu hivi. Nikaendelea kusuuza. Hakuna kilichonijibu. Sikusikia sauti wala sikupata joto moyoni, kama nilivyozoea kuwaambia watu watapata. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwambia Mungu kitu ambacho sote wawili tulijua ni kweli. Nikagundua kwamba katika miaka ile kumi na moja nilikuwa naongea na watu, yeye Mungu akiwa pembeni anasikiliza. Nililia pale karoni, na safari hii sikuangalia kama kuna anayeniona.

Kesho yake nilisema tena maneno yale yale. Sikuwa na mengine. Ukiniuliza leo imani yangu ilianza lini, wengi watakutajia ubatizo wangu, au siku niliyookoka kwenye mkutano nikiwa msichana. Mimi nitakutajia karo lile.

Siku ya kumi Mama Rehema alifungua macho, akaniangalia nikimnawisha miguu.

"Kawaambie," akasema.

Nilidhani anaweweseka. "Niwaambie nini, dada?"

"Ulichoniambia mimi. Kawaambie kanisani." Akapumzika. Kuongea kulimtesa. "Nina Rehema. Ana miaka kumi na tisa. Siku na yeye akigusa kitu, masikioni mwake kutakuwa na nini? Ushuhuda wako?"

"Nitawaambia."

"Usiseme nitawaambia. Kawaambie."

Nilirudi Babati mwishoni mwa Februari na nikaenda kwanza kwa mchungaji. Si mtu mbaya, ana mitaa mitatu ya kuhudumia na pikipiki moja mbovu. Alinisikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Mama Elia, ushuhuda ukishatolewa si wako tena. Kuna watu wamesimama juu yake. Ukiuvuta, watu hao wataanguka."

"Mmoja ameshaanguka, mchungaji."

Nikaona naye anaogopa, na alichoogopa ni kile kile nilichokiogopa mimi. Mwishowe akasema, "Sitakuzuia. Ila mimi sitakuita."

Kwa hiyo hakuna aliyeniita. Jumapili, matangazo yalipokwisha, nilisimama mahali nilipokaa, bila kipaza sauti, bila kilemba na bila pamba. Nilisema kwa ufupi. Nilisema nilikuwa kwenye dripu, daktari hakushangaa, niliwadanganya. Nikasema kuna mwenzetu alikuwa na barua ya rufaa ndani ya Biblia akaiacha pale kwa sababu yangu, na sasa hakuna dawa ya kumponya. Sikumtaja, lakini kila mtu alijua nani hayupo. Nikasema, "Mungu anaponya, sijaacha kuamini. Lakini mwenye barua, aende." Nikakaa.

Hakuna aliyeanzisha wimbo. Mzee wa kanisa akainuka akasoma namba ya wimbo wa kufunga, tukatoka, na nje watu walinipita kama wanavyompita mtu mwenye msiba ambao hawajaujua vizuri. Uongozi wa maombi nikavuliwa wiki hiyo, kwa barua ya heshima. Sare za Pasaka zilipelekwa kwa fundi mwingine. Yalinichoma, sisemi uongo, hasa lile la maombi. Mchana wa Jumapili ile Baba Elia aliomba chakula yeye mwenyewe, mara ya kwanza tangu tuoane. "Bwana, asante kwa maharage. Amina." Sijawahi kusikia sala niliyoipenda kama ile.

Mama Rehema alirudishwa Mutuka kufia kwake. Nilikwenda kumwona, matope mpaka magotini. Alikuwa amebaki macho tu, mwili umekwisha.

"Nimesema," nikamwambia.

"Nimesikia. Rehema alikuwepo."

Nikakaa pale mchana kutwa nikisubiri neno jingine. Unajua neno gani. Hakulisema, akaomba maji, nikampa. Alifariki baada ya wiki mbili, katikati ya masika, na kaburi ilibidi litolewe maji kwa ndoo kabla ya kuteremsha jeneza. Mimi nilikaa jikoni kwenye masufuria na wapishi wengine. Hakuna aliyeniomba niongoze sala, na nisingeweza. Niliosha vyombo mpaka watu wakaisha.

Siku hizi Jumanne na Alhamisi nafunga cherehani na kwenda kukaa kliniki ya hapa mjini na wanawake wanaosubiri kupimwa. Sina cheo. Nashika mikoba yao wakiingia ndani, na anayetaka kujua dripu zikoje namweleza zilivyo. Anayetaka tuombe tunaomba, kwa maneno machache. Vipimo vyangu vya mwisho vilikuwa safi, na daktari yule kijana akaniambia tuonane tena baada ya miezi sita. Mkono wa kushoto bado unavimba nikishona sana.

Wiki iliyopita, baridi imeanza tena, Rehema alisimama kwenye mlango wa chumba changu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Shikamoo, Mama Elia."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakuingia. "Nimegusa kitu," akasema. "Shangazi anataka twende kwanza kwenye maombi. Lakini mama alisema nikigusa kitu nisiende na mtu mwingine, nije kwako."

Nikazima cherehani. "Alisema kwa nini?"

"Alisema wewe ndiye mtu pekee hapa ambaye hawezi kunidanganya tena."

Nilitafuta ndani ya maneno yale kama kuna msamaha. Sikuuona, na sidhani kama aliuweka. Nikachukua mkoba, tukaenda.

Walimpima siku hiyo hiyo. Aliingia peke yake, akatoka na barua ya rufaa, ile ile niliyopewa mimi, ile ile aliyopewa mama yake. Benchi lilikuwa limejaa, na watatu wa pale ni wa usharika wetu. Akakaa karibu yangu, akaniuliza kwa sauti waliyoisikia wote.

"Mama Elia, nitapona?"

Wote wakanigeukia. Nilijua jibu wanalolingoja. Nimelitoa miaka kumi na moja, na lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Sijui," nikasema. "Basi la kwanza linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuwa stendi kabla yako."

Akaikunja barua. Kisha akauliza kama kule kuna baridi, abebe sweta. Nikamwambia abebe.